Ofa ya kazi na alama za Express Entry, Kanada

Wengi wanauliza kama ofa ya kazi bado inaongeza alama za Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji kwa alama. Hapana, ofa ya mwajiri haikuongezei tena zile alama 50 au 200. Zilifutwa tarehe 25 Machi 2025, na idara ya uhamiaji ya Kanada yenyewe ilisema lengo ni kukomesha biashara ya kuuziana LMIA, yaani kibali kinachoonyesha mwajiri ameruhusiwa kuajiri mgeni.

Lakini msiitupe hiyo barua ya ofa. Bado inahesabiwa kwenye kipimo kingine, zile alama 67 unazohitaji ili kufuzu kama mfanyakazi mwenye ujuzi, na mikoa mingi inaidai kabla ya kukupendekeza. Pendekezo la mkoa ndilo lenye uzito hasa: linakupa alama 600 za Express Entry.

Na hili naomba ndugu zangu mlishike: ada ya LMIA, dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi, ni ya mwajiri, na sheria inamkataza kumrudishia mfanyakazi mzigo huo. Wakala akikutumia ankara ya "LMIA" yenye jina lako, usilipe hata senti. Watu wanauza viwanja kwa ajili ya karatasi hizo.