Bibi Shamba Anajibu: Juu Kisamvu Kizuri, Chini Mihogo Imeoza

Mwezi huu karibu wote mmeniandikia mambo ya mihogo, kwahiyo wa nyanya na wa kuku wa kienyeji mnisubiri toleo lijalo.

Shikamoo Bibi Shamba. Nina eka 2 za mihogo, ukiliangalia shamba linapendeza na kisamvu tunachuma kila siku ila nikichimba, mihogo ndani ina mabaka ya kahawia, mingine imekuwa migumu kama kizibo cha chupa, mteja wa Dar kaikataa yote. Jirani anasema ni udongo. Nipige dawa gani? – Msomaji, Mkuranga

Marahaba mwanangu, na pole kwa hasara. Udongo wako hauna kosa. Hiyo ni michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi, na usithubutu kutoa hela yako dukani kwasababu hakuna dawa ya kuutibu, atakayekuuzia anakuuzia maji.

Huu ugonjwa ni mjanja kuliko batobato, ule ugonjwa mwingine wa virusi wa mihogo. Batobato hata ukipita na bodaboda unaiona, majani yamejikunja yana madoa ya njano. Michirizi inakaa kwenye majani ya chini, unaona njano inafuata mishipa ya jani huku majani ya juu yako kijani safi, na kwenye shina changa unaona vimistari vya kahawia, mtu anadhani majani yanazeeka tu. Unakuja kujua siku ya kuchimba. Inzi weupe wanaueneza shamba hadi shamba, ila wanaousafirisha mbali, mkoa kwa mkoa, ni sisi wenyewe na hizi pingili tunazogawiana na ndugu.

Mihogo uliyonayo kata sehemu mbaya uitupe, iliyobaki kuleni, virusi hivi havimdhuru binadamu. Ila mashina ya shamba hilo usipande tena na usimpe mtu hata akikubembeleza. Ukipata mbegu ya muhogo inayoitwa Kiroba panda, kwa ukanda wenu wa Pwani inavumilia vizuri. Nasema inavumilia, maana kuugua inaugua ila mizizi inaharibika kidogo, kwahiyo ikikomaa chimba, usiiache ardhini mwaka wa pili ukisubiri bei ipande.

Bibi, hivi hawa watafiti wanafanya nini miaka yote? Babu yangu alilia na mihogo hii hii, baba hivo hivo, saivi ni mimi. Mishahara wanakula mbegu hatuzioni. – Kijana, Muheza

Heee! Wa Muheza ndo ananiuliza hivo! Mwanangu hiyo kazi imeanzia hapo hapo kwenu, panda gari la kwenda Amani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Kituo kile walikianzisha Wajerumani 1902, Waingereza wakakirithi, na bwana mmoja anaitwa Storey, mtaalamu wa virusi vya mimea, ndo aliyeandika kuhusu michirizi ya kahawia kwa mara ya kwanza mwaka 1936, ameiona kwenye mihogo ya huko huko Usambara chini.

Yeye na mwenzake Nichols walitafuta mihogo ya kila aina hawakupata inayohimili vya kutosha, basi wakaugeukia ule mti wa mpira wa Ceara, ambao kiukoo ni ndugu wa muhogo ila mizizi yake haifai kuliwa. Wakauchanganya na muhogo. Mtoto wa kwanza akatoka mgumu kwa magonjwa lakini mizizi ya hovyo, ikabidi arudishwe kwa muhogo wa kawaida mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka mizizi ikarudi kuwa chakula na ugumu ukabaki. Jennings akaja kuipokea hiyo kazi, na kufikia 1957 mradi ukafungwa.

Sasa sikiliza hii, mimi huwa naipenda sana. Mbegu moja ya pale, yenye namba 46106/27, ikaingia kwa wakulima, namba ikasahaulika. Kusini mwa Tanzania wakawa wanaiita Namikonga, pwani ya Kenya wanaiita Kaleso, kila mtu anajua ni mbegu ya mababu. Watafiti walipokuja kupima vinasaba wakakuta ni kitu kimoja! Na mpaka leo ukitaka mzazi wa kuzalishia mihogo inayohimili michirizi, Namikonga ni katika wale wa kwanza kutajwa, ingawa yenyewe haizai sana.

Mbegu nyingine ya Amani, 5318/34, ikapelekwa Nigeria, na uzao wake ndo ukaja kutumiwa na Dk. Sang Ki Hahn, Mkorea aliyekuwa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, kule Ibadan kuanzia 1971, akazalisha mihogo ya jina la TMS iliyoenea Afrika nzima. Wanaijeria walimpenda mpaka wakampa uchifu. Ila Afrika Magharibi michirizi ya kahawia haikuwepo, kwahiyo wao walichagua ya kuhimili batobato na magonjwa mengine ya kwao, si michirizi. Ngoja hapo ntaparudia kwa msomaji wa Geita.

Na kuhusu kuchelewa. Muhogo ukiuzalisha kwa mbegu ya ua kila mtoto anatoka na tabia yake, wanaanza na miche maelfu wanachuja mwaka hadi mwaka, miaka 8 hadi 10 inapita wamebaki na aina mbili tatu. Halafu shina moja linakupa pingili kama 10 hivi kwa mwaka, wakati punje moja ya mahindi inakurudishia mamia. Kwahiyo mbegu ipo, ila mpaka ifike kwako imepita kwa wangapi? Hapo ndo mimi huwa nagombana nao, hela za kutafiti zinapatikana, za kuzalisha pingili safi na kuzifikisha kijijini kila mwaka ni kuombaomba. Hapo nakuunga mkono.

Bibi Shamba habari za masiku. Huku kwetu tumeletewa mbegu mpya za mihogo, Tajirika, Shibe na Karembo, wanasema zazaa sana, lakini wateja wangu wa mihogo ya kukaanga wataka Kibandameno tu. Nifanyeje? – Mama, Kilifi

Njema dada yangu. Sikulaumu. Kibandameno ni tamu na wateja wako hawajakosea, tatizo michirizi inaipenda kama nyinyi mnavyoipenda. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa wamefanya kazi nzuri, ila mihogo ya biashara hupimwa mdomoni pia na hilo watafiti wengi walichelewa kulijua. Usibadilishe shamba zima. Panda hizo mpya mistari michache, uzikaange mwenyewe, uwape wateja bila kuwaambia, ile watakayoirudia ndo uiongeze. Kibandameno ibaki kidogo na uiweke mbali na zile nyingine, kila msimu ng'oa inayoonyesha dalili.

Nasikia kuna muhogo wa GMO hauugui michirizi. Kweli? – Msomaji, Dodoma

Upo, ni ule uliobadilishwa vinasaba maabara. Kenya waliuruhusu 2021 kwa hatua ya kuupeleka majaribio ya kitaifa kabla ya kusajiliwa. Wameuwekea kipande kidogo cha taarifa za virusi wenyewe, mmea unavitambua vikiingia na kuvizima. Kwetu Tanzania majaribio ya GMO serikali ilishasitisha, kwahiyo akija mtu kukuuzia huko Dodoma jua ni tapeli.

Bibi kuna jamaa analeta pingili toka Uganda, anasema hazishikwi na ugonjwa wowote. Nichukue? – Msomaji, Geita

Usichukue. Uganda miaka ya 90 batobato kali iliwamalizia mihogo, wakaokolewa na zile za TMS na nyingine za aina hiyo, wakapanda nchi nzima. Kufika 2004 michirizi ikajitokeza kule nyanda za juu ambako watu waliamini ni ugonjwa wa pwani tu, na nyingi ya zile zilizoshinda batobato zikaangukia hapo. Hakuna pingili isiyoshikwa na "ugonjwa wowote".

Ukiwa na eka moja, nafasi ya mita 1 kwa mita 1, unahitaji pingili kama 4,000. Nenda TARI Ukiriguru, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo kule Mwanza, waulize mzalishaji wa pingili aliyekaguliwa na TOSCI, wale wakaguzi wa mbegu wa serikali, wa karibu na wewe ni nani. Hela haitoshi? Nunua za robo eka, kipande kiwe mbali na mihogo ya majirani, mwakani utakuwa na zako. Na kabla hujakata pingili chimba mashina kadhaa hapa na pale upasue mizizi uione ndani.