Kabla Hujaomba Uzamili wa Utengamao, Tafuta Swali Wodini

Wataalamu wenzangu vijana wa fiziotherapia huniuliza ni chuo gani kinafaa kwa shahada ya uzamili ya utengamao wa watu wenye ulemavu wa viungo, yaani kuwasaidia warudie shughuli zao, nami huwarudishia swali: una mgonjwa gani kichwani? Mimi nilikwenda Cape Town nikiwa na alama nzuri na sina swali lolote, na muhula wote wa kwanza ukaishia katika andiko la utafiti ambalo msimamizi alilirudisha mara tatu.

Swali nililolihitaji nilikuwa nimeliacha nyumbani. Miaka miwili kabla, katika hospitali ya mkoa huku pwani, nilimhudumia mama mmoja wa makamo aliyepata kiharusi upande wa kushoto. Siku ya kumruhusu nilimpima kwa kipimo cha Barthel, cha kuona mgonjwa anajitegemea kiasi gani katika shughuli za kila siku, chenye vipengele 10 na jumla ya alama 100, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965, ambacho wengi wetu tulikikariri chuoni kama dua. Akapata 95. Alama tano zilizopungua zilikuwa za ngazi, kwa kuwa alihitaji kushikwa mkono ili apande, ilhali nyumbani kwake hakuna ngazi hata moja. Kipengele cha choo alipata alama zote kwa sababu choo cha wodini ni cha kukaa. Cha kwake ni cha shimo, na kuchuchumaa hakuweza. Nilipompongeza, alinitazama kidogo, akauliza: “Sasa mwanangu, mbuzi nitaikaliaje?”

Kwa wasiotoka pwani: anayekuna nazi huketi chini kabisa juu ya kibao cha mbuzi, akajiinamia mbele, akashika kizio, yaani nusu ya nazi, kwa mikono miwili na kukizungusha kwenye jino la chuma. Kazi hiyo hutaka nyonga zikunjike, kiwiliwili kisiyumbe na mikono yote miwili ifanye kazi kwa pamoja, na fomu yangu haikuwa na kisanduku chake. Hilo ndilo lililokuja kuwa tasnifu yangu. Kwa hiyo nakushauri uweke daftari kliniki kwa mwaka mmoja, uandike kila pale ambapo alama za mgonjwa na maisha yake vinapishana, ndipo umtafute msimamizi aliyewahi kuchapisha juu ya jambo hilo. Chuo kitafuata.

Usidharau kazi ya kutafsiri vipimo. Dodoso la WHODAS 2.0 la Shirika la Afya Duniani lina maswali 36 katika toleo lake kamili na huuliza juu ya shughuli na ushiriki katika jamii, kwa hiyo liko karibu zaidi na maisha ya mgonjwa kuliko Barthel. Hata hivyo kila tafsiri inapaswa kufanywa na watu wawili kila mmoja peke yake, ioanishwe, irudishwe kwenye lugha ya awali na mtu ambaye hajaiona asilia, kisha ijaribiwe kwa wagonjwa wenyewe. Tulipofika kwenye swali la ugumu wa kusimama kwa dakika 30, mzee mmoja alinijibu kwamba yeye husimama kwenye swala tu, na swala haifiki nusu saa. Je, aseme anaweza au hawezi? Nilitenga wiki tatu kwa hatua hiyo, nikatumia miezi minne.

Jihadhari pia na tiba zinazosomeka vizuri maktabani. Tiba ya mtafiti wa Marekani Edward Taub ya kuzuia mkono mzima ili ule uliopooza ulazimike kufanya kazi ina ushahidi mzuri, lakini utaratibu wake wa awali hudai takriban saa sita za mazoezi kwa siku kwa muda wa wiki mbili. Mtaalamu aliye peke yake, mwenye foleni ya watu arobaini, atazipata wapi? Ukiigeuza ikawa tiba inayosimamiwa na ndugu wa mgonjwa nyumbani, hapo unalo swali la utafiti.

Kuhusu fedha sitasema mengi: ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili masomo, kwa wanaosoma ndani ya Afrika ni wa kuangaliwa, na ruhusa ya masomo ya mwajiri ipatikane kwa maandishi kabla ya kukata tiketi. Kibali cha maadili ya utafiti utahitaji cha chuo na cha nyumbani pia. Vyote viwili viombwe mapema.

Kosa lililonigharimu kuliko yote lilikuwa la ufuatiliaji. Sehemu kubwa ya nafuu ya viungo baada ya kiharusi hupatikana katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa hiyo nilipanga kuwapima wagonjwa wangu tena mwezi wa tatu, na karibu nusu yao hawakurudi. Nilidhani wamekata tamaa, kumbe walikosa nauli, na simu nilizoandika zilikuwa za watoto wao waliokwisha rudi mjini. Nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji iingie kwenye bajeti tangu mwanzo, na siku ya kwanza uandike namba tatu: ya mgonjwa, ya jirani anayeishi hapo hapo, na ya bodaboda aliyemleta.