Kwa vijana wa Mwanjelwa mnaouliza kama muje Jubail

Wadogo zangu wa gereji pale Mwanjelwa, na wewe mtoto wa baba mdogo uliyeko Tukuyu: mmeniuliza kama ni kweli viwanda vya mafuta huku Saudi Arabia vinashambuliwa kutoka baharini, na kama hiyo ni sababu ya kutokuja. Mama naye kazisikia habari hizo, usingizi haumjii. Nawajibu bila kuficha kitu.

Ni kweli. Jumapili ya tarehe 7 Machi 2021 ndege isiyo na rubani ilitokea upande wa bahari ikalenga matangi ya mafuta katika bandari ya Ras Tanura, kusini mwa hapa Jubail ninapofanya kazi. Siku hiyohiyo vipande vya kombora vilianguka karibu na makazi ya wafanyakazi kule Dhahran. Wahouthi, waasi wa Yemen, walitangaza kuwa ndio walioshambulia. Serikali ya huku ilisema hakuna aliyeumia, lakini kesho yake mafuta ghafi yalivuka dola 70 kwa pipa. Mwezi uliofuata, upande wa Bahari ya Shamu, boti lililojazwa milipuko liliharibiwa kabla ya kufika bandari ya Yanbu.

Mitambo hii haiwezi kuhamishiwa bara. Meli lazima zifike, na maji ya bahari ndiyo yanayoipoza. Mengine huondolewa chumvi yakawa ya kunywa, tena si kwa Jubail peke yake. Mnalijua bomba la TAZAMA linalopita Iringa na Mbeya kupeleka mafuta Zambia. Huku kuna mabomba ya kupeleka maji Riyadh, mamia ya kilomita jangwani. Ndiyo maana mwaka 1991, majeshi ya Iraki yalipomwaga mafuta ya Kuwait baharini yakaelea kuja kusini, wasiwasi mkubwa hapa ulikuwa kwenye midomo ya kuvutia maji, ikabidi izungushiwe maboya ya kuzuia mafuta. Sisi tuliokulia Rungwe, mvua ikitunyeshea hata tunapoanika kahawa, tunachukua muda kuelewa mji ambao bila bahari hauna hata maji ya kupikia chai.

Sasa niwaambie ninachokiogopa mimi ninapovaa ovaroli alfajiri. Si droni. Ni gesi ya hidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo inanuka kama yai viza. Ikizidi inaizima pua, husikii harufu yoyote, na dakika chache zinatosha kukuua. Kila mmoja wetu huvaa kipima gesi kifuani. King'ora kikilia unaacha kila kitu, unatazama upepo unaelekea wapi, unakimbia kwa kuukata, usiende nao, mpaka mahali pa kukusanyika. Iwe gesi, iwe moto, iwe kitu kimetoka baharini, mwisho wake ni uleule: tunasimama pale, msimamizi anasoma majina.

Hapo kwenye majina ndipo penye jibu langu. Asiyeitika, kikosi cha uokoaji kinaingia kumtafuta. Asiyekuwemo kwenye orodha hakuna anayejua kuwa amebaki ndani. Na wapo wasiokuwemo. Nimefanya kazi na vijana walioletwa na wakala kwa viza ya udereva wa nyumbani, kisha wakaingizwa kiwandani kwa kitambulisho cha mtu aliyekwenda likizo. Jina linaloitwa pale si lake, na ndugu yake huko kijijini hatapigiwa simu. Jambo hili linaniuma kuliko habari zote za makombora. Matangi yana rada na jeshi la kuyalinda. Kijana yule hana hata mstari mmoja kwenye karatasi.

Kwa hiyo msinisikie nikisema msije. Mshahara upo, mimi mwenyewe nasomesha wadogo zangu kwa kazi hii ya kuchomelea. Jua ni kali mno. Kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba sheria inakataza kazi ya juani kati ya saa sita mchana na saa tisa, na bado nailia baridi ya Uyole. Hayo yanavumilika. Msilolikubali ni kuja kwa viza isiyo ya kazi mtakayofanya, au kumpa wakala fedha za kuuza shamba kabla hamjauona mkataba.

Tangu Machi 2021 sheria ya huku inamruhusu mfanyakazi, akishamaliza mwaka, kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ruhusa ya yule wa kwanza, kwa masharti fulani. Mwajiri haruhusiwi kukushikia pasipoti, ingawa wapo wanaoshika. Lakini sheria hiyo inamsaidia mwenye mkataba uliosajiliwa kwa jina lake.

Nendeni TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, mkaulize kama huyo wakala anatambulika. Mkataba ukija, someni kazi iliyoandikwa, jina la mwajiri, mahali pa kulala na nani analipa matibabu. Halafu pigeni picha kila ukurasa mnitumie kabla ya kutia saini. Nikitoka zamu usiku nitausoma wote na kuwapigia, na mama awepo karibu na simu.