Ukitaka kuongeza meza ya bima katika ofisi ya nyumba

Wakala wa nyumba akitamani kuuza bima, kwanza huhesabu watu alionao kwenye simu: wenye nyumba, wapangaji, wanunuzi wa ploti. Ni mtaji, sikatai, lakini hata ajenti anayezunguka mjini na mkoba ana watu wake. Unachomzidi ni kwamba wewe unazijua nyumba zenyewe. Unajua ipi imekaa tupu tangu Januari, ipi ina waya zilizoungwaungwa na fundi wa mtaani, ipi maji hufika mlangoni mvua ya Aprili ikishika. Hayo ndiyo utakayouza, na mara nyingine ndiyo yatakayokufanya ukatae kuuza.

Upande wa karatasi hapa Kenya hauna maajabu. Fanya mtihani wa COP (cheti cha umahiri wa bima) wa Chuo cha Bima, Nairobi, tafuta kampuni ya bima itakayokukubali kuwa ajenti wake, kisha uombe leseni kwa IRA, mamlaka inayosimamia bima. Leseni huisha tarehe 31 Desemba hata kama uliipata Oktoba, kwa hiyo panga kuanza mapema mwakani. Cheti chako cha uwakala wa nyumba kutoka EARB, bodi inayosajili mawakala wa nyumba, hakikuruhusu kuuza bima. Ni sheria mbili, wasimamizi wawili.

Usianze na bima ya magari kwa sababu tu kila mtu anaihitaji. Chukua gari ambalo ada yake ya bima ni shilingi 40,000. Komisheni ni asilimia 10, yaani 4,000, na ushuru wa zuio wa asilimia 10, unaokatwa kabla hujalipwa, hukuachia 3,600. Mteja huyo mwakani atakuhama kwa ajili ya mia tano. Bima ya nyumba ina komisheni nzuri zaidi, na mwenye nyumba unayemkusanyia kodi hakuhami ovyo.

Ile bima ya nyumbani inayouzwa na karibu kila kampuni imegawanywa kwa herufi, na ni kana kwamba iliandikwa na wakala wa nyumba. A ni jengo. B ni vitu vya ndani. C ni vitu unavyotembea navyo, kama simu na tarakilishi. D ni wafanyakazi wa nyumbani. E ni dhima ya mwenye jengo, yaani wajibu wake wa kuwalipa wengine wakiumia au kupata hasara, na F ni dhima ya anayeishi humo. Kwa hiyo usimpe mwenye nyumba ya kupangisha fomu nzima: yeye anahitaji A na E. B, C, D na F ni za mpangaji. Wapangaji wengi huamini bima ya mwenye nyumba inawakinga. Haiwakingi. Mtungi wa gesi wa mpangaji ukichoma jikoni, kampuni inaweza kumlipa mwenye nyumba kisha ikamgeukia mpangaji kudai pesa zake. Mweleze hilo siku ya kutia sahihi mkataba wa kupanga, akiwa bado ananunua pazia.

Sasa jambo ambalo sisi wa nyumba huteleza nalo kuliko ajenti yeyote: bei. Umezoea bei ya soko, na bei ya soko ina ardhi ndani yake. Ardhi haiungui. Kinachokatiwa bima ni gharama ya kujenga upya, pamoja na kuondoa vifusi na ada za wataalamu. Huko Kilimani, Nairobi, ukiandika bei ya kuuza, mteja atalipia ardhi bure kila mwaka. Kwingine mambo hugeuka: nyumba kubwa iliyojengwa mashambani huenda isiuzike hata kwa nusu ya gharama ya kuijenga, na ukiandika bei ya kuuza umemtia hasarani. Tuseme kuijenga upya ni milioni 12, nawe umeandika 6. Moto ukila jikoni na sebule, hasara ya milioni 2, kampuni italipa milioni 1 kwa kuwa nyumba umeikatia bima nusu tu, tena ikitoa ile sehemu ambayo mteja hujibebea. Atakutafuta wewe. Mwombe mkadiriaji wa gharama za ujenzi akupe makisio, na uyarudie bei ya simiti na chuma ikipanda.

Kwenye bima ya moto peke yake, mafuriko hayamo mpaka yaongezwe. Machafuko ya kisiasa na ugaidi navyo huwa na bima yake ya pembeni. Baada ya mafuriko ya 2024, mwenye nyumba wa Athi River au Kitengela hahitaji kuhubiriwa, anahitaji kuonyeshwa mstari wenyewe kwenye hati. Nyumba tupu nayo ina kifungu chake: ikikaa bila mtu kupita siku zilizoandikwa, kinga ya wizi husimama. Wewe ndiwe wa kwanza kujua mpangaji amehama, basi iarifu kampuni kwa maandishi.

Kuna mipaka, na mimi huishika sana. Namba ya mpangaji uliichukua kwa ajili ya kodi. Kuitumia kumtangazia bima bila idhini yake kunagongana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo weka mstari wa idhini kwenye fomu yako. Usimlazimishe mtu kununua bima kwako ndipo apate nyumba. Na umwambie mwenye nyumba wazi kwamba kwenye kodi unamwakilisha yeye, ila kwenye bima wewe ni ajenti wa kampuni.

Pesa za bima na za kodi zisipitie mfuko mmoja. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinasema kampuni haibebi hatari kabla ya kupokea ada, hivyo mteja alipe moja kwa moja kwenye paybill ya kampuni. Akikuomba uikate kwenye kodi ya mwezi ujao, kubali tu kama kodi hiyo imeshaingia, tena kwa barua yake.

Picha unazopiga wakati wa kumkabidhi mpangaji nyumba, zihifadhi zikiwa na tarehe. Mkaguzi wa hasara akija ataulizia hali ya nyumba kabla ya moto, na mara nyingi hakuna mwingine aliye nazo.