Taswira zinazorudiwa katika ushairi wa Kiajemi

Ndugu, umeuliza kwa nini washairi wa kale wa Uajemi, akiwemo Hafez wa Shiraz katika karne ya 14, hurudia taswira zilezile: kimo cha mpenzi kama msaipresi, mti mrefu mwembamba, jicho kama ua la nargisi, nondo, yule mdudu anayevutwa na mwanga, na mshumaa. Nakushauri usiyaone marudio hayo kuwa udhaifu, kwani taswira hizo zilikuwa mali ya wote, na umahiri ulionekana katika namna mshairi alivyoigeuza ile aliyoirithi. Mtazame Attar wa Nishapur, mshairi wa Kisufi wa Uajemi: nondo wake wanakwenda mmoja mmoja kuuchunguza mshumaa, na anayeujua kweli ni yule aliyejitosa motoni akaungua, asirudi kusimulia. Hapo taswira imekuwa hoja nzima kuhusu kumjua Mungu. Soma basi ghazali (mashairi mafupi ya mapenzi) kadhaa zenye taswira moja kwa pamoja, ukichunguza kila mara kilichobadilika.