Kiyoyozi kinavuja, fundi "kesho"

Swali: Tumelipia siku mbili hotelini Mji Mkongwe, Bagamoyo. Kiyoyozi kinadondosha maji kitandani, mapokezi wanasema fundi atakuja kesho. Tufanyeje?

Jibu: Msifungue mabegi. Pigeni picha na video, kisha mwoneni meneja mwenyewe, awahamishe leo. Kuvuja huko mara nyingi ni bomba la kutolea maji limeziba, au chujio limejaa vumbi hadi barafu ikaganda ndani. Kulizibua bomba si kazi ya kungoja hadi kesho. Chumba kingine hakipo? Daini fedha za siku ya pili kabla ya kukabidhi ufunguo, na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) mkononi. Mliolipia mtandaoni, waandikieni waliowauzia mkiwa bado hotelini. Ukiondoka kimya kimya, watasema ulilala.