Wasomaji Wauliza: Mtoto Tuliyemuasili Anachora, Kisha Anachana

SWALI: Shikamooni. Tumeasili mtoto wa kiume wa miaka sita kutoka makao ya watoto. Tulisikia kuchora humsaidia mtoto kutoa yaliyo moyoni, tukamnunulia rangi za maji na brashi. Kila akikaa anapaka nyeusi ukurasa mzima, kisha anachana. Nikimuuliza amechora nini, kimya. Mume wangu anataka tumpeleke kwa mtaalamu.
– Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Tuanze na hiyo nyeusi, maana ndiyo inayokutia hofu. Rangi moja au picha moja haithibitishi lolote. Watoto wengine huchagua nyeusi kwa kuwa inaonekana vizuri kwenye karatasi nyeupe. Kinachotusumbua sisi ni rangi za maji. Hazishikiki: zinachuruzika, zinachanganyika, picha inaharibika mtoto akiiona. Mtoto aliyehamishwa huku na kule na watu wazima bila kuulizwa anahitaji kwanza kitu kinachomtii. Zifungie kabatini kwa sasa. Mpe penseli, krayoni na karatasi kubwa, A3 ikipatikana, uibandike mezani kwa selotepu pembe zote nne isicheze.

Halafu kaeni wote wawili. Familia nyingi hukosea hapa: mtoto anapewa vifaa, anaachwa peke yake, mzazi anarudi baadaye kukagua. Picha yenyewe si hoja. Hoja ni mtoto azoee kuwa na mtu mzima anayemfuata bila kumharakisha. Jaribuni mchezo wa mistari aliokuwa akiutumia Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza. Wewe unachora mstari wowote uliopinda, yeye anaugeuza kuwa kitu: samaki, bodaboda, chochote. Kisha anachora yeye, unageuza wewe. Mistari minne au mitano kila mmoja, dakika 20 hivi, siku ileile ya wiki, mahali palepale. Zikibaki dakika tano mwambie, kwa sababu vurugu za mwisho mara nyingi huletwa na kukatizwa ghafla.

Usimuulize "hii ni nini?" Kwake huo ni mtihani. Sema unachokiona: "Naona hapa umekandamiza sana krayoni." Asipojibu, endelea kuchora. Akichana, usimgombeze, wala usiiunganishe picha kwa siri akiwa amelala. Weka boksi la viatu, vipande viingie humo. Siku nyingine mtavibandika kwenye karatasi mpya, akitaka mwenyewe. Na picha zake zisiende kwenye status ya WhatsApp, hata ile nzuri.

Kuhusu mtaalamu: waliosomea tiba kwa sanaa ni wachache huku kwetu, na mwalimu mzuri wa kuchora si lazima awe mganga wa nafsi. Mkimpata mshauri nasaha wa watoto, mwulizeni mzazi atakuwa na nafasi gani. Akisema mzazi abaki nje siku zote na asielezwe lolote, sisi tungetafuta mwingine, kwani mtoto huyu anajifunza kuwazoea ninyi, si mshauri. Msisubiri hata wiki, hata hivyo, akijiumiza, akizungumzia kufa, au michoro na michezo yake ikirudia vitendo vya ngono. Muoneni afisa ustawi wa jamii, au pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto.

SWALI: Naweza kutengeneza udongo wa kuchezea nyumbani?
– Mlezi, Nakuru

JIBU: Ndiyo. Unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, mafuta ya kupikia kijiko kimoja. Pima maji kikombe 1 lakini yatie kidogo kidogo, huenda yasiishe. Ukinata mikononi ongeza unga. Ukipasukapasuka, tia kijiko cha maji. Uhifadhi kwenye chombo chenye kifuniko. Tahadhari: aliyewahi kulala njaa anaweza kuumia akiona unga unachezewa, au akaula, na chumvi hiyo ni nyingi mno kwa mtoto. Mtafutie udongo wa mfinyanzi.

SWALI: Tumemlea binti wa miaka tisa kwa kafala, yaani ulezi wa mtoto kwa taratibu za Kiislamu. Hanitazami usoni, hataki kuguswa, lakini anapenda ngoma. Nianzie wapi?
– Baba, Mombasa

JIBU: Anzia hapohapo, baba, na hilo la kutazamana liache kabisa. Kaeni ubavu kwa ubavu, si uso kwa uso, kila mmoja na ngoma yake. Chapuo ikikosekana, ndoo mbili za plastiki zilizofudikizwa zinatosha. Aongoze yeye. Akipiga mapigo manne, wewe rudisha manne yaleyale, kwa kasi ileile na uzito uleule. Usiongeze madoido. Wapigaji hodari ndio hushindwa hapa: mkono unawawasha, wanaanza kuonyesha ufundi, na mtoto anarudi kuwa mtazamaji.

Akishazoea kurudishiwa, naye ataanza kukurudishia. Siku hiyo ndiyo unaweza kupunguza mwendo taratibu uone kama anakufuata. Wapo watoto wanaoshtushwa na kishindo, hivyo siku za mwanzo pigeni kwa ncha za vidole, mlango ukiwa wazi ili ajue anaweza kutoka. Mama yake akiwa nyumbani, naye achukue ndoo ya tatu, ila asubiri binti amwite.